Mnyoosha Vipapasio

Mkikutana na Norman barabarani mtamsalimia kwa heshima, na mimi siwakatazi. Suruali yake ina mstari wa pasi unaoweza kukata nyanya, begi lake ni la ngozi, na mwendo wake ni wa mtu anayesubiriwa mahali muhimu. Mimi nimekaa naye miaka tisa katika chumba kimoja, chumba cha wadudu cha chuo kidogo cha kilimo huku Kagugu, Kigali, chuo ambacho sitakitaja jina kwa sababu bado kinanilisha. Na nawaambia kwa mdomo wangu mwenyewe, huyo mnayemsalimia ni debe tupu.

Jina langu Aneth. Kwetu ni Biharamulo, ng'ambo ya mpaka, na kazi yangu hapa ni mtunza maabara: nafuta meza, nabadilisha spiriti kwenye chupa, napokea wadudu wanaoletwa na watu na kuwaandika kwenye daftari. Nina cheti cha miaka miwili. Norman ana digrii, na tangu siku ya kwanza hajanipa nafasi ya kuisahau. Nikimwambia bawaba ya mlango imelegea, ananiuliza kama nimesomea milango. Mlango wenyewe ulimwangukia mwezi uliofuata, na mimi nilikuwa nimesimama mbali nao kwa makusudi.

Tumtendee haki, kila mtu ana alikotoka. Alizaliwa karibu na Mbarara, wazazi wake wakiwa wakimbizi wa Kinyarwanda, akasoma Uganda, akarudi kijana wakati wengi waliporudi. Kiswahili alikiokota kule kwa madereva wa malori, ndiyo maana kwake kila kitu duniani ni "iko" na "hii". Simcheki kwa hilo. Kigali nzima tunaongea hivyo hivyo, Kinyarwanda kidogo, Kiswahili kidogo, na Kiingereza cha kuombea kazi. Ninachomcheka ni kitu kingine. Norman ana ugonjwa wa kunyoosha.

Kilichopinda kinamuuma jamani, kinamuuma kweli. Jumamosi ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwezi, watu wote wanafyeka majani ya kando ya barabara wamalize haraka waende mkutanoni, yeye anakuja na kamba na vigingi viwili, eti ukingo wa nyasi unyooke. Majirani wanamsubiri na mapanga mkononi, jua linapanda, yeye amepiga goti anafumba jicho moja. Ofisini anapanga viti kwa rula. Mkewe, Winifred, mwanamke aliyeumbiwa subira, aliniambia siku moja kwamba mumewe akienda sokoni huzilaza karoti juu ya meza ya muuzaji na kuzibingirisha moja moja, aone ipi imenyooka. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Winifred hakucheka.

Sasa mtu wa namna hiyo mpe wadudu.

Mdudu, kama hamjawahi kumtazama kwa karibu, ni kiumbe wa vipande vitatu: kichwa, kifua na tumbo. Miguu sita inatoka kifuani, na mabawa pia, kama anayo. Kichwani ana macho, ana taya, na ana vipapasio viwili, zile nywele za mbele anazonusia na kupapasia njia. Ukitaka kujua mdudu ni nani, vipapasio vinakusaidia sana. Nondo dume wengi wanavyo vya manyoya. Kipepeo ana vyembamba vyenye kirungu kwenye ncha. Mende ana virefu vya uzi. Mchwa ana vilivyonyooka, punje kwa punje, shanga zilizotungwa. Sisimizi na nyuki vyao vina kiwiko: kipande kirefu kinatoka kichwani, halafu kinapinda ghafla kama mkono wa mtu aliyejishika kiuno. Hayo yote Norman anayajua. Ameyachora mwenyewe kwenye karatasi kubwa iliyobandikwa ukutani, aina saba kwa wino mweusi, na mchoro wenyewe ni mzuri, siwezi kusema uongo. Wanafunzi wanaukariri.

Kasoro ilikuwa kwenye sheria yake, aliyoiandika juu ya meza kwa herufi kubwa: KWANZA ANDAA, HALAFU TAMBUA.

Mdudu aliyekufa hukauka akakakamaa, ukimgusa anavunjika. Kwa hiyo unamweka siku moja ndani ya chupa yenye mchanga wa majimaji, viungo vilainike, kisha unampanga kwa brashi na sindano, unamwacha akauke tena. Mtu mwenye akili zake humtazama kwanza jinsi alivyokuja. Norman hakutazama. Alimtoa chupani, akamlaza, akanyoosha miguu, akanyoosha mabawa, akanyoosha vipapasio mbele ya kichwa vikaenda sambamba, akavibana kwa sindano, na kilichovunjika akakirudisha kwa gundi. Siku ya tatu ndipo aliposhika miwani kumwuliza mdudu jina lake. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Huyu bwana alisubiri samaki afe, akamlowesha, kisha akamnyoosha.

Ndiyo maana katika makabati yetu yote, masanduku arobaini na ushei, kiwiko kilikuwa kimoja tu. Kilikuwa cha nyuki mmoja aliyenunuliwa nje ya nchi akiwa ameshabandikwa kwenye kadi. Norman hakuthubutu kumgusa kwa sababu alikuja na lebo ya kuchapwa.

Mwaka jana binti mmoja wa mwaka wa pili, Shami, ambaye baba yake analima migomba Kibungo, aliinua mkono darasani. Mbele yake palikuwa na fukusi wa migomba, yule mweusi mwenye mdomo mrefu anayetoboa shina mpaka mgomba unaanguka. Akasema kwa adabu kwamba fukusi wa kwao vipapasio vyao vina kiwiko, amewashika kwa mkono tangu utotoni. Norman akamjibu kwamba wadudu wa kwao hawajaandaliwa. Darasa likamcheka binti wa watu. Na mimi nyuma kabisa, na kitambaa changu cha kufutia meza, nilicheka pia, ila mimi nilikuwa namcheka mwalimu. Jioni niliwasimulia majirani, tukacheka tena upya. Kwa miaka tisa Norman alikuwa sinema yangu ya bure.

Haya, sikilizeni alichokuja kukifanya mwaka huu mvua za Septemba zilipoanza.

Pale Gisozi, Agakiriro, kwenye karakana za samani, kuna fundi anaitwa Lusekelo. Ni Mnyakyusa wa Tukuyu, mtu wa maneno machache na mikono mikubwa, na Jumapili tunasali kanisa moja. Kwa kuwa sote ni Watanzania tulio ugenini, alikuwa ananiita dada Aneth, na kitanda ninacholalia alinitengenezea yeye. Mwezi wa saba alimaliza vitanda arobaini vya mkaratusi kwa ajili ya bweni la wasichana la shule moja hapa hapa Kagugu. Vitanda vya maana, mbao zimeingiliana zenyewe bila kutegemea msumari. Havijatimiza hata miezi miwili, asubuhi moja baada ya mvua, wasichana wakaamka wakakuta wadudu weusi wanatambaa juu ya magodoro na mabawa yametapakaa kwenye mashuka. Matroni akatangaza kwamba ni kumbikumbi, mchwa wenye mabawa, na kwamba vitanda vinaliwa kutoka ndani.

Mkuu wa shule ni Madamu Mukunde. Amekulia Karagwe, Kiswahili chake kimenyooka na hapendi mzaha. Hakukurupuka. Alikusanya wadudu kumi na wawili kwenye kopo la jamu, mabawa akayatia kwenye bahasha, akatuletea sisi wenye chuo. Alitaka kujua jambo moja tu, kama ni mchwa au si mchwa. Kama ni wale mchwa wa mbao kavu, basi wametoka ndani ya vitanda, wameletwa kutoka karakana, na vitanda vyote lazima viondolewe kabla hawajaingia kwenye paa. Na habari ilikuwa imeshafika Gisozi. Ushirika wa maseremala ulipanga kukaa Jumatatu mchana, na kama jibu ni mchwa, Lusekelo angeondolewa mahali pake, maana pale mafundi wamebanana, na anayeleta mchwa anahatarisha mbao za wote. Miaka kumi na moja ya mtu ilikuwa ndani ya lile kopo.

Kopo nililipokea mimi, siku ya Jumanne. Nilifungua nikatazama, na haikunichukua muda. Kati ya kifua na tumbo palikuwa na kiuno chembamba cha uzi. Mchwa hana kiuno, yeye ni gunia. Kwenye bahasha nikaona mabawa makubwa na mabawa madogo. Ya mchwa yote ni urefu mmoja. Na vipapasio, vile ambavyo havikuvunjika njiani, vilikuwa na kiwiko. Walikuwa sisimizi wenye mabawa, waliotoka kwenye ufa wowote wa ukuta kwenda kuoana, na kitanda cha mtu hawakihitaji. Nikaandika tarehe, namba, na jina la shule. Safu ya jina la mdudu nikaiacha wazi, kwa sababu hiyo si safu ya cheti, hiyo ni safu ya digrii. Nikajisemea moyoni kwamba hili hata Norman ataliona.

Norman akawaandaa. Bahasha ya mabawa aliitupa kwenye pipa, akasema imejaa takataka. Wadudu aliwalaza kwenye kadi nyeupe, kila mmoja na tone lake la gundi, na kwa kuwa mkono wake ni mzito, gundi ikapanda ikafunika kiuno chote. Kisha akaanza kunyoosha. Kumi na wawili mara viwili ni vipapasio ishirini na vinne, na hakuacha hata kimoja. Aliniita nimshikie taa, nikamshikia. Nilisimama nyuma ya bega lake nikiuma midomo nisicheke, naye akidhani nimeguswa na ufundi wake, akanieleza kwamba uvumilivu iko kitu ya kusomea.

Ijumaa akavaa miwani akatazama. Vipapasio vimenyooka, kiuno hakionekani. Akaandika ripoti kwa kufuata rula: mchwa wa mbao kavu. Chini yake akaongeza sentensi ya Kiingereza kizito iliyomaanisha kwamba mbao zote ziteketezwe. Akapiga mhuri, mhuri ukaenda upande kidogo, akachana karatasi akaandika nyingine, akaituma shuleni jioni ile ile. Mimi nilijitia hamnazo. Niliona ni bora Madamu Mukunde aje Jumatatu, amsomeshe Norman somo mbele za watu, na mimi niwepo hapo na kitambaa changu. Nikafunga madirisha nikaenda zangu nyumbani.

Jumamosi Lusekelo aliitwa shuleni. Madamu Mukunde hakutaka mbao zenye mchwa zipite barabarani kurudi Gisozi, akaamuru zikatwe palepale na kuingizwa kwenye jiko la shule, lile la kuni wanalopikia masufuria makubwa ya maharage. Na msumeno ulikuwa wa nani? Ulikuwa wa Lusekelo. Alikivunja kitanda cha kwanza kwa mikono yake, kitanda alichokipiga randa mwenyewe, akakikata vipande, akampa mpishi. Akakata cha pili. Wasichana walikuwa wanachungulia kwenye madirisha ya darasa, na wengine walimcheka yule fundi wa vitanda vya mchwa. Alikata mpaka cha sita. Maharage ya mchana ule yaliiva kwa moto wa vitanda vyao.

Cha saba hakukigusa. Alikuwa amekata mbao sehemu zaidi ya mia, na fundi anajua kusoma mbao iliyokatwa. Mahali mchwa alipopita pana njia, pana vumbi la punje, pana uwazi. Yeye hakuona hata tundu la kupitisha sindano. Alimfuata Madamu Mukunde akiwa na vumbi mpaka kwenye kope, akamwomba asubiri mpaka Jumatatu asubuhi. Madamu alimtazama sana, kisha akakubali, akamwambia ni mpaka saa sita, si zaidi ya hapo.

Jumatatu saa mbili alikuwa mlangoni kwetu. Kwapani amebeba mguu wa kitanda, mkononi ana chupa ya asali, na ndani ya chupa wadudu wanne wako hai. Hakukaa hata nilipomvutia kiti. Aliuweka ule mguu mezani, sehemu iliyokatwa ikinitazama mimi.

"Dada Aneth," akasema, "nimekata vitanda sita na sijaona tundu. Hao mchwa wanakula wapi?"

Wadudu wa chupani, akanieleza, amewatoa alfajiri ile kwenye ufa wa ukuta juu ya dirisha la bweni, walikuwa wanatoka mmoja mmoja. Nilisikia neno sita, likanipita kwa wakati ule, kwa sababu nilishaanza kuiona sinema yangu inaandaliwa. Nikampigia simu Madamu Mukunde mimi mwenyewe, nikamwomba aje aone kwa macho yake. Mdudu mmoja nikamtia kwenye friji dakika kumi ili baridi imtulize asikimbie, maana mdudu akipoa hulegea bila kufa.

Saa tatu tulikuwa wanne darasani. Tuna darubini pale iliyounganishwa na televisheni ya ukutani, darasa zima linaona kile mwalimu anachokiona. Norman aliingia akanyoosha mstari wa viti, akaweka kadi yake chini ya darubini, na wale kumi na wawili wakatokea kwenye televisheni, wamelala sawasawa, vipapasio vyote mbele. Akafundisha. Alifundisha kichwa, kifua, tumbo; alifundisha shanga; alimwambia Lusekelo asione haya kwa kutojua, seremala anajua mbao na mtaalamu anajua mdudu. Lusekelo alisikiliza ameinamisha kichwa. Nikamwomba Norman amtazame na huyu wa leo.

Akajibu kwamba huyo hajaandaliwa.

"Mtazame hivyo hivyo," akasema Madamu Mukunde.

Nikamtoa mdudu kwenye friji nikamweka chini ya darubini. Akajaa kwenye televisheni nzima: kichwa cheusi kinang'aa, kiuno cha uzi, mabawa makubwa na madogo yamelala mgongoni, na pande zote mbili za uso vipapasio vimekunjwa. Kiwiko kile kilikuwa kinene kuliko mkono wangu. Lusekelo akageuka polepole kuutazama mchoro wa ukutani, aina ya sita, ile yenye kiwiko. Madamu Mukunde naye akageuka. Sote tuliutazama mchoro wa Norman, kasoro Norman mwenyewe. Yeye alikuwa ameinamia darubini na kupiga ulimi, kama mtu aliyekuta ukosi wa mtoto umekunjamana siku ya kanisa.

"Hii kipapasio yake imepinda," akasema. "Ngojeni niinyooshe."

Kwenye televisheni brashi ikaingia, kubwa, nywele zake zimesimama. Ikasukuma kipapasio kwenda mbele. Kikaenda, kikarudi. Ikasukuma tena, kikarudi tena. Joto la taa lilikuwa limeanza kumwamsha mdudu, na miguu yake ikaanza kutafuta pa kushika. Norman akachukua sindano, akashikilia kiwiko, akabonyeza. Kikakatika. Kipande kikabaki kwenye ncha ya sindano kikitetemeka pale ukutani mbele yetu, na mdudu akawa anazunguka na kipapasio kimoja.

Norman hakuinua uso. Alinyoosha mkono nyuma, kiganja juu, jinsi alivyozoea.

"Aneth, gundi."

Sikumpa. Madamu Mukunde alikuwa ameshasimama. Akamwuliza kwa sauti ya chini kama na wale kumi na wawili wa kwenye kadi aliwanyoosha vilevile, na Norman, huku akifuta sindano yake, akamjibu kwa majivuno ya mtu aliyeulizwa kuhusu wema wake.

"Wote, Madamu. Mulileta wadudu iko ovyo kabisa."

Basi. Hakuna aliyemtukana, na hakuhitajika wa kumtukana. Madamu aliniuliza mimi mdudu huyu anaitwaje, nikamwambia ni sisimizi, wanakaa ukutani kwako, ziba ufa. Akakaa palepale kwenye kiti cha mwanafunzi akaandika barua ya kwenda ushirika wa Gisozi, kwamba vitanda vya fundi Lusekelo havina mchwa na kosa ni la ripoti. Akamwomba radhi kwa mikono miwili, akamwambia vitanda thelathini na vinne virudi bwenini siku hiyo hiyo, na akaagiza vingine sita. Norman aliandika ripoti ya pili. Aliandika kwamba ni sisimizi, na kwamba sampuli ya kwanza ililetwa katika hali mbaya. Mstari ulikuwa umenyooka kweli kweli. Mpaka leo yuko palepale, sheria yake iko juu ya meza, na nimesikia anatajwa kuwa mkuu wa idara.

Nilimsindikiza Lusekelo mpaka getini. Nilikuwa mwepesi, nasema kweli, nilikuwa nacheka peke yangu njiani. Nikamwigizia Norman, mkono nyuma, kiganja juu, "Aneth, gundi." Nikamsimulia karoti. Nikamsimulia na fukusi wa Shami. Yeye alikuwa anatembea tu na mguu wake wa kitanda kwapani. Tulipofika kwenye kivuli cha kibanda cha mlinzi akasimama.

"Dada, lile kopo la kwanza alilipokea nani?"

"Mimi."

"Walikuwa hawajanyooshwa bado?"

"Bado."

"Na wewe ukiwaona hivyo unawajua."

Hakuniuliza; alisema tu. Ningeweza kumweleza habari za cheti na digrii, habari za bawaba na za safu iliyo wazi kwenye daftari. Yote yalinijia mdomoni na yote yalikuwa na ladha ya uongo. Nilikuwa nimemdharau Norman kwa utamu kiasi kwamba sikutaka mtu amzuie. Nilimshikia taa. Na namba ya simu ya Lusekelo ilikuwa kwenye simu yangu, kwenye mfuko wa aproni, siku zote nne.

"Siku gani?" akaniuliza.

"Jumanne."

Akautazama ule mguu wa kitanda, akapitisha kidole gumba mahali alipoukata.

"Mimi nilishika msumeno Jumamosi," akasema.

Hakupandisha sauti. Aliita pikipiki, akavaa kofia ya abiria, akaulaza mguu wa kitanda mapajani, akaenda Gisozi.

Vitanda sita alivitengeneza upya, na ushirika haukumgusa. Jumapili bado tunakaa kanisa moja, na tukitoka hunisalimia vizuri, kwa adabu zote, mbele ya watu. Ananiita Madamu Aneth.